Asteroidi zenye majina ya wanafalaki: shajara ya kuandaa orodha kwa Kiswahili

12 Januari

Nimeanza. Kwa maneno kazi ni ndogo: orodha ya asteroidi 100 zilizopewa majina ya wanafalaki, kila moja na maelezo yake kwa Kiswahili. Jedwali lina safu nne tu: namba, jina, aliyeiona kwanza, na "kwa nini". Safu ya mwisho ndiyo iliyonitia kishawishi. Orodha za majina matupu zimejaa tele, lakini ukitaka kusoma kwa Kiswahili huyu Bi Cannon alifanya nini hata jiwe la angani likaitwa kwa jina lake, utazunguka mpaka uchoke.

Sharti nililojiwekea: "kwa nini" isizidi sentensi mbili. Ikizidi, bado sijaielewa.

Istilahi kabla ya yote. Nimechagua "asteroidi" kwa mawe haya yanayozunguka Jua. "Sayari ndogo" ingefaa, ila msomaji ataichanganya na sayari kibete kama Pluto. "Kimondo" sikitaki kabisa hapa, maana kimondo ni kile kinachowaka kikiingia angani mwetu. Na mtu wa kazi hii ni "mwanafalaki". Najua wapo watakaoniambia "mnajimu" ni sahihi, na kamusi zitawaunga mkono, lakini msomaji wa leo akiona mnajimu anafikiria mtu wa kutabiri bahati.

14 Januari

Nilikusudia kuanza na namba 1 na kupanda taratibu. Haikuwezekana. Asteroidi za mwanzo zilipewa majina ya miungu wa kike: Ceres, Pallas, Juno, Vesta. Wanadamu walioziona hawamo. Mila hiyo ya majina ya kike ilishika mizizi kiasi kwamba hata mwanamume alipoheshimiwa, jina lake lilivalishwa mwisho wa kike: Piazzi akawa Piazzia, Gauss akawa Gaussia. Iliyopewa jina la kiume mapema ni 433 Eros, iliyoonekana 1898, nayo ilisamehewa kwa kuwa mzingo wake, yaani njia yake ya kuzunguka Jua, haukuwa wa kawaida: unaingia ndani kuliko ule wa Mirihi.

Basi nimeanzia 998. Kuanzia hapo hadi 1002 ni namba tano zinazofuatana, zote zilionekana Agosti 1923, na ukizisoma kwa mpangilio ni kisa kimoja cha namna Ceres ilivyopatikana, ikapotea, ikapatikana tena. Nimeandika hivi:

998 Bodea. Johann Elert Bode alieneza kanuni ya umbali wa sayari iliyoonyesha kwamba kati ya Mirihi na Mshtarii pana nafasi tupu inayodai sayari.

999 Zachia. Franz Xaver von Zach alikusanya wanafalaki mwaka 1800 wagawane anga ili kuitafuta sayari hiyo.

1000 Piazzia. Giuseppe Piazzi aliiona Ceres kutoka Palermo tarehe 1 Januari 1801, kabla barua ya kumwalika kwenye kundi la Zach haijamfikia.

1001 Gaussia. Carl Friedrich Gauss, akiwa na miaka 24, alikokotoa mzingo wa Ceres kwa vipimo vya siku 41 tu, baada ya Jua kuimeza isionekane.

1002 Olbersia. Wilhelm Olbers aliikuta tena tarehe 1 Januari 1802, karibu na pale hesabu ya Gauss ilipoelekeza. Baadaye yeye mwenyewe akagundua Pallas na Vesta.

Zach naye aliiona tena tarehe 31 Desemba 1801, usiku mmoja kabla ya Olbers, na sharti langu la sentensi mbili halikunipa pa kuliweka hilo. Ndiyo maana nimeliandika huku shajarani. Mistari mitano, jioni nzima. Kwa kasi hii nitamaliza lini?

19 Januari

Lahajedwali limenichezea. Nimebonyeza lipange kwa namba, nikapata: 1000, 1001, 1002, 1134, 238, 281, 697, 998. Namba zilikuwa zimeingia kama maandishi, kwa hiyo zilipangwa kama maneno ya kamusi. Dakika moja, nikarekebisha.

Kilichobaki kichwani ni swali lingine: hata zikipangwa vizuri, namba inamwambia nini msomaji? Nilidhani ni foleni ya ugunduzi. Siyo. 1001 Gaussia ilionekana tarehe 8 Agosti 1923, na 1000 Piazzia tarehe 12. Nikakuta na kubwa zaidi ya hiyo: 2193 Jackson ilionekana 1926, na 1660 Wood ilionekana 1953. Namba hutolewa mzingo ukishajulikana kwa uhakika wa kutosha, na hilo huenda likachukua miaka michache au nusu karne. Kabla ya hapo asteroidi ina alama ya muda tu. Mfano 2709 Sagan ilikuwa 1982 FH: mwaka 1982, F ni nusu ya pili ya Machi, maana kila nusu mwezi ina herufi yake na I imerukwa ili isichanganywe na moja, H ni ya nane kuripotiwa katika nusu hiyo.

Nimeongeza safu ya tano, "mwaka wa kuonekana". Ilipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza.

27 Januari

Kosa langu mwenyewe, naliandika nisilirudie. Nilikuta 1322 imeandikwa "Coppernicus", kwa p mbili. Nikacheka, nikaona mtu kakosea, nikasahihisha. Leo nahakiki, natafuta kwa jina nililosahihisha, sipati kitu. Jina rasmi ni Coppernicus, p mbili, tangu Karl Reinmuth aione mwaka 1934. Aliyekosea ni mimi niliyesahihisha.

Tangu leo jina halipatikani kwa kukisia kutoka jina la mtu, na mtu hapatikani kwa kukisia kutoka jina. Galileo ni 697 Galilea. Tycho Brahe ni 1677 Tycho Brahe, jina zima na nafasi katikati. Eleanor Helin, aliyewinda kwa miaka mingi asteroidi zinazopita karibu na Dunia, ni 3267 Glo, kwa sababu marafiki walimwita Glo. Na Caroline Herschel hutampata hata ukitafuta Herschel mpaka asubuhi; hiyo ni 2000, ya kaka yake William aliyegundua Uranus mwaka 1781. Yeye ni 281 Lucretia, jina lake la katikati.

Mistari: 23.

2 Februari

Leo nimegundua kwamba kila mstari una watu wawili, na mara nyingi wa pili ndiye mwenye habari tamu: yule aliyeliona jiwe na kulitoa kwa mwenzake.

Johann Palisa wa Vienna alitafuta asteroidi kwa jicho na darubini, akilinganisha nyota na ramani usiku hata usiku, akapata 122. Max Wolf wa Heidelberg alileta bamba la picha: darubini inafuata nyota, nyota zinabaki nukta, na asteroidi inayosogea inaacha mstari mfupi. Ya kwanza kupatikana kwa njia hiyo ni yake, 323 Brucia, mwaka 1891. Ungetegemea mwenye jicho na mwenye kamera waoneane wivu. Badala yake Palisa aliona jiwe 1916 likawa 827 Wolfiana, Wolf akaona jiwe 1919 likawa 914 Palisana, na wawili hao wakatengeneza ramani za nyota pamoja. Kisha Reinmuth, wa Heidelberg vilevile, akaona jingine mwaka 1930, nalo likaitwa 1152 Pawona: Pa ya Palisa, Wo ya Wolf.

Hiyo Pawona imenipa shida ya jedwali. Mstari mmoja, wanafalaki wawili. Nimeiweka peke yake na kuandika majina yote mawili, na bado haijakaa vizuri machoni.

Jozi nyingine: 1673 van Houten na 1674 Groeneveld, namba zinazofuatana, za mume na mke. Cornelis van Houten na Ingrid van Houten-Groeneveld waliketi Leiden wakikagua mabamba ambayo Tom Gehrels alipiga kwa darubini ya Palomar, California, na kuwatumia. Asteroidi walizoziona watatu hao ni maelfu. Gehrels ni 1777, jirani na 1776 Kuiper.

Safu ya sita: "tazama pia".

9 Februari

Rafiki ameniuliza jina la asteroidi linauzwa bei gani. Haliuzwi. Anayependekeza ni mgunduzi, ana miaka kumi tangu namba itolewe, na kikundi cha majina cha Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ndicho kinachopitisha. Jina lisizidi herufi 16, litamkike, lisitukane mtu, lisifanane mno na lililopo, lisiwe la biashara. Mwanasiasa au mwanajeshi lazima awe amekufa miaka 100. Wanyama wa kufugwa hawatakiwi tena. Kisa ni 2309 Mr. Spock, ambaye kwa hakika ni paka wa mgunduzi.

Kifungu cha kufanana kinanichekesha. Newton anazo mbili, 662 Newtonia na 8000 Isaac Newton. Al-Khwarizmi naye mbili, 11156 Al-Khwarismi na 13498 Al Chwarizmi. Tahajia imebadilika, mtu hajabadilika.

15 Februari

Mpaka sasa nilikuwa naangalia majina tu. Leo nimeangalia mawe yenyewe yanapita wapi, na imelipa.

1134 Kepler, iliyoonwa na Wolf 1929, mzingo wake umerefuka sana hata unaukata ule wa Mirihi. Na Kepler ndiye aliyepigana kwa miaka na vipimo vya Mirihi alivyoviacha Tycho Brahe, akakubali mwishowe kwamba njia ya sayari si duara bali ni duaradufu. Ukitaka jiwe la kumfaa, hili hapa: limerefuka na linamvuka Mirihi.

1578 Kirkwood inanifurahisha zaidi. Daniel Kirkwood aliona, mwaka 1866, kwamba asteroidi hazikutapakaa sawasawa, pana mapengo. Kwa mfano pale ambapo asteroidi ingezunguka Jua mara tatu wakati Mshtarii inazunguka mara moja, pametupu. Mshtarii huivuta mahali palepale kila baada ya muda uleule, kama anayesukuma bembea kwa kipimo, mpaka mzingo unaharibika na jiwe linatoka. Sasa asteroidi yenye jina lake iko wapi? Kwenye kundi la Hilda, ambako jiwe linazunguka mara tatu kwa kila mara mbili za Mshtarii. Hapo mdundo uleule wa Mshtarii haufukuzi, unahifadhi. Mtu wa mapengo kapewa jiwe la mahali ambapo mawe yanakusanyika. Sijui kama kuna aliyekusudia utani huo. Nimeuandika kwenye "kwa nini", sentensi ya pili.

1999 Hirayama. Kiyotsugu Hirayama, 1918, alionyesha kwamba baadhi ya asteroidi zina mizingo inayofanana kiasi kwamba haiwezi kuwa bahati. Ni vipande vya jiwe mama lililovunjika. Aliziita familia, na neno limebaki.

Mistari: 41.

22 Februari

Wiki nzima kwa mistari mitano. Nimeridhika nayo.

Wa kwanza wao ni 238 Hypatia, wa Alexandria, iliyoonekana 1884. Wa pili ni 281 Lucretia, ambayo Palisa aliiona 1888: Caroline Herschel alipata nyota mkia nane, na kuanzia 1787 alilipwa pauni 50 kwa mwaka kwa kazi ya falaki. Halafu 1120 Cannonia. Annie Jump Cannon alipanga nyota zipatazo 350,000 katika madaraja kwa kutazama mwanga wao uliotawanywa kwa rangi, na utaratibu wa herufi alioukamilisha, O, B, A, F, G, K, M, ndio unaotumika mpaka leo. Aliyeliona jiwe lake, 1928, ni mwanamke mwenzake, Pelageya Shajn, akiwa Simeiz, Crimea.

Kisha 5383 Leavitt ikanikwamisha siku tatu. Rasimu ya kwanza:

"Henrietta Leavitt aligundua uhusiano wa kipindi na mng'aro wa nyota badilifu aina ya Kefeidi."

Sahihi, na haina faida kwa yeyote. Anayeielewa haihitaji, anayeihitaji haielewi. Rasimu ya pili:

"Aligundua kwamba nyota zinazopwita polepole zina mwanga mkali zaidi, na hivyo tunaweza kupima umbali."

"Kupwita" nimelipenda, ni neno la moyo na mshipa, na nyota hizi kweli zinatanuka na kunywea. Lakini hiyo "na hivyo" inaruka shimo. Kwa nini ukali wa mwanga unipe umbali? Nilijaribu kumsomea mtu asiyejua falaki, akauliza swali hilohilo. Rasimu ya tano, iliyokaa:

"Alichunguza nyota zinazopwita, akaona kuwa inayochukua siku nyingi zaidi kung'aa na kufifia ndiyo yenye mwanga mkali zaidi. Ukihesabu siku zake unaujua ukali wake halisi, na ukiulinganisha na ule mwanga hafifu unaotufikia unajua iko mbali kiasi gani."

Sentensi mbili. Hazina neno "Kefeidi" wala "kipindi" wala mwaka 1912. Mwaka nimeuhamishia safu yake.

Baada ya hapo 2039 Payne-Gaposchkin ilipaswa kuwa rahisi: katika tasnifu yake ya 1925 Cecilia Payne alionyesha kwamba nyota ni haidrojeni na heli kwa sehemu kubwa mno. Ugumu uko kwenye mstari wa jirani. 1762 Russell ni ya Henry Norris Russell, ambaye ndiye aliyemshauri kwamba matokeo hayo hayawezekani, naye Payne akaandika kwenye tasnifu kwamba huenda si ya kweli. Mwaka 1929 Russell alifika palepale kwa njia nyingine na akataja kazi ya Payne. Nimwandikie nini Russell? Ana mchango mkubwa wake mwenyewe, ule mchoro wa nyota anaoshirikiana jina na Hertzsprung. Nimeuandika huo. Kwenye "tazama pia" nimeweka 2039, na msomaji ataenda mwenyewe.

1 Machi

Wanafalaki wa ulimwengu wa Kiislamu. Kwa Kiswahili sehemu hii inasomeka kama iliandikwa kwa lugha hii tangu mwanzo: falaki, Mshtarii, Zohali, Utaridi, vyote tayari tunavyo, na vilitoka huko.

9936 Al-Biruni: alipima ukubwa wa Dunia kwa urefu wa mlima na pembe ya upeo wa macho. 2439 Ulugbek: mtawala wa Samarkand aliyejenga kituo cha falaki na kutoa, 1437, orodha ya nyota zaidi ya 1,000 zilizopimwa upya. 59239 Alhazen: Ibn al-Haytham, mtu wa mwanga na macho. 12621 Alsufi: Abd al-Rahman al-Sufi, ambaye mwaka 964 aliandika kuhusu wingu dogo lililo katika kundi la nyota la Andromeda.

Hapo ndipo safu ya "tazama pia" ilipoanza kufanya kazi niliyokuwa sijaitegemea. Wingu dogo la al-Sufi ndilo Edwin Hubble (2069 Hubble) alilolipiga picha miaka ya 1920, akakuta ndani yake nyota inayopwita, akahesabu siku kwa kanuni ya Leavitt, na kuona kwamba liko mbali mno kuwa sehemu ya Njia Nyeupe, galaksi yetu. 12621, tazama 2069. 2069, tazama 5383. Karibu miaka elfu moja katika namba tatu, na namba zenyewe hazina mpangilio wowote wa maana.

8 Machi

Johannesburg. 1658 Innes, 1660 Wood, 2193 Jackson: wanafalaki watatu wa kituo kimoja. Robert Innes aligundua Proxima Centauri mwaka 1915, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha Jua. Harry Edwin Wood alimfuata kwenye ukurugenzi. Cyril Jackson aliona asteroidi 72, na jiwe linalobeba jina lake aliliona Wood mwaka 1926. Mawe ya Innes na Wood yote aliyaona Jacobus Bruwer mwaka 1953.

Jackson ndiye aliyejaza anga kwa majina ya bara hili: 1193 Africa, 1278 Kenya, 1279 Uganda, 1427 Ruvuma, 1428 Mombasa, 1429 Pemba. Hayaingii kwenye orodha yangu, si ya wanafalaki. Nimeyaacha hapa ili nisijifanye sikuyaona.

10 Machi

Mstari mmoja tu leo. 2867 Šteins, ya Kārlis Šteins, mwanafalaki wa Latvia. Katika orodha yangu yote hii ndiyo asteroidi pekee ninayoweza kuitazama sura. Chombo cha anga cha Rosetta kiliipita tarehe 5 Septemba 2008 kwa umbali wa kilomita 800 hivi: jiwe la kilomita tano, limechongoka chini kama almasi iliyokatwa, na juu lina shimo kubwa. Kwa sababu ya umbo hilo mashimo yake yakapewa majina ya vito. Nimekaa na picha hiyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nyingine zote nilizoziandika, kwangu ni nukta na namba.

Mistari: 87.

15 Machi

Nilikuwa natafuta za kujazia, nikapita 1227 hadi 1234, nikaziruka. Geranium, Scabiosa, Tilia, Riceia, Auricula, Cortusa, Kobresia, Elyna. Mimea mitupu. Reinmuth alikuwa na mawe mengi kuliko majina, na maua yalimwokoa mara nyingi.

Halafu nikarudi kwa sababu ya 1019 Strackea. Gustav Stracke alifanya kazi Berlin, kwenye taasisi ya mahesabu ya falaki, akikokotoa mizingo ya asteroidi. Ni kazi isiyo na usiku wa darubini wala furaha ya kuona kitu kabla ya wengine. Lakini bila mzingo, jiwe lililoonekana jana halipatikani mwezi ujao. Piazzi alilijua hilo vizuri. Kwa hiyo kila aliyekuwa na jiwe alikuwa na deni kwake. Na Stracke alikuwa ameomba asteroidi yoyote isipewe jina lake.

Reinmuth aliheshimu ombi. Akachukua mawe manane yaliyofuatana na kuyapa majina ya mimea. Soma herufi za mwanzo, kutoka 1227 hadi 1234.

Sasa tatizo langu. Orodha ni ya asteroidi zenye majina ya wanafalaki. Strackea ipo, jina lake waziwazi, na kwa sharti langu hiyo peke yake ndiyo inayoingia, ingawa ndiyo aliyoikataa. Nane ambazo zilimheshimu bila kulivunja ombi lake ni maua. Nimezunguka nalo tangu asubuhi. Nikiziingiza, lazima nizifafanulie, na nikizifafanulia mstari kwa mstari nimerudia maelezo yaleyale mara nane.

Nimeziingiza. 95 sasa, bila Strackea. Safu ya "tazama pia" kwa zote nane inasema ziangaliwe pamoja. Na kwenye "kwa nini", ambako nilijiruhusu sentensi mbili, nimetumia herufi moja moja, kwenda chini:

1227: G
1228: S
1229: T
1230: R
1231: A
1232: C
1233: K
1234: E